Aliyeuliza Mkono Wangu Ulikuwa Unafanya Nini

Nilikuwa jikoni namenya ndizi simu ilipoita. Aliyepiga ni mzee mmoja niliyefanya naye kazi zamani pale Kayanga. Alikuwa karani mkuu wa ofisi yetu, na siku hizi hanipigii ila pakiwa na harusi au msiba. Sauti yake ikanieleza mapema kwamba hii si harusi. "Binti, yule fundi wetu wa redio ametutoka. Amefia nyumbani kwake Ndama, usingizini, mkewe yuko pembeni. Tunamzika kesho kutwa." Nikaweka kisu chini. Nilihuzunika, lakini sitawadanganya wasomaji wangu: kilichotangulia moyoni kilikuwa ahueni. Fundi yule alikuwa ameugua muda mrefu, na mara ya mwisho tulipoongea aliniambia kwamba anachoogopa si kufa, anaogopa kufa akiwa amelazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la kukodi, njiani kwenda hospitali ya mbali. Basi amefia kitandani kwake, kwenye kibanja chake, na migomba yake ikiwa dirishani. Nikashusha pumzi. Na kwa kushusha pumzi hiyo nikakumbuka ahueni nyingine, kubwa kuliko hii, ambayo yeye mwenyewe alinipa nilipokuwa msichana.

Wanaonifuata kwenye safu hii wamezoea kuniona nikigombana na mashimo ya barabarani na watu wanaochelewesha vikao. Leo mashimo yapumzike. Nataka nimzungumzie mtu ambaye hakuwa ndugu yangu wala rafiki yangu wa karibu. Tulifahamiana tu, kama mnavyofahamiana na fundi anayekuja ofisini, akamaliza kazi yake na kuondoka. Tena, kusema kweli, hakuwa mtu rahisi kupendwa. Alikuwa na majivuno. Alivaa suti ya Kaunda iliyopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama, na kabla ya kupiga goti chini ya meza alitandika leso nyeupe sakafuni, akaikunjua taratibu huku sisi tumesimama tunamngoja. Hakugusa bisibisi kabla hajapewa kahawa ya kutafuna, kama mgeni yeyote anavyokirimiwa huku kwetu, na usipompa aliuliza kwa sauti kama nyumba hii ina wenyewe. Alikuwa askari wa mawasiliano katika vita vya mwaka sabini na nane, na aliporudi uraiani akawa anazunguka Karagwe nzima, kuanzia Nyakakika hadi mpakani Murongo, akitengeneza redio kol za misheni na za miradi. Kompyuta zilipoanza kuingia akajifunza na hizo, kisha akajivuna zaidi.

Mimi nimezaliwa Nyakakika. Wazazi wangu walitoka Rwanda kabla sijazaliwa, na mpaka nakua mkubwa bado tulikuwa tunaitwa watu wa kuja. Baba alifariki mapema. Mama alilima kibarua kwenye vibanja vya watu, jioni anarudi na mkungu wa ndizi kichwani, na ndizi hizo ndizo zilizotukuza mimi na wadogo zangu. Masista wa parokiani walinifundisha kupiga chapa, kisha mmoja wao akanisemea, nikapata kazi ya ukatibu muhtasi katika ofisi ya mradi mmoja wa visima vya maji pale Kayanga. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, wakimbizi wamejaa wilayani, na mtu mwenye jina kama langu akipata kazi ya ofisini watu waligeuka kumtazama mara mbili. Nilipopokea mshahara wa kwanza, mama alilitundika jembe lake la kibarua ukutani. Akasema, "Sasa nalima kwangu." Kama umewahi kumuona mama yako akilima kwa watu, unajua nilivyojisikia. Kila asubuhi nikifungua mlango wa ofisi nilikuwa nalifikiria lile jembe, na nilikuwa naomba libaki ukutani.

Ofisini palikuwa na kompyuta moja ya mezani, kubwa na nzito, rangi yake imeshageuka njano kama karatasi ya zamani. Tulikuwa tunaifunika kwa kitambaa cha kufuma, kama watu wengine wanavyofunika redio ya sebuleni. Ilikuwa imeunganishwa na redio kol kupitia kisanduku kidogo, ili kile unachokiandika Kayanga kipae hewani kikasomwe makao makuu Bukoba. Kwetu ule ulikuwa muujiza. Siku mbovu gari lilimaliza kutwa nzima njiani, lakini ujumbe ulifika kabla chai haijapoa. Ila muujiza wenyewe ulikuwa na kisirani. Ujumbe ulianza kwenda vizuri, ukafika katikati, ukakatika. Mashine ikaganda, ikabidi izimwe na kuwashwa upya, na Bukoba wakabaki na nusu ya habari. Kijiji fulani kiliomba pampu, huko wakasoma kwamba kijiji kinaomba tu, hawajui kinaomba nini.

Hili lingekuwa tatizo la mashine kama si jambo moja: ilikuwa inakatika nikiikalia mimi. Karani mkuu, huyu aliyenipigia simu, akikaa yeye ujumbe ulikwenda mpaka mwisho. Mratibu wetu, bosi wa ofisi, alikuwa mtu msomi na mwenye haki, akaamua tujaribu mbele ya wote. Karani akakaa, akatuma, ukafika. Nikakaa mimi, nikatuma, ukakatika. Tukarudia, ikawa hivyo hivyo. Mtu gani mwenye akili angebisha? Mimi mwenyewe nilianza kuitazama mikono yangu. Maneno yakaanza kidogo kidogo, kwa utani kwanza. Dereva akasema nisiguse redio ya gari lake. Mlinzi akaniomba nisimfungulie kufuli, atafungua mwenyewe. Kisha utani ukakauka, likabaki neno lenyewe: huyu binti ana mkono mbaya. Na nyuma ya neno hilo kulikuwa na lingine lililosemwa nikiwa nimetoka chumbani, kwamba watu wa kuja huja na mambo yao. Sikulisikia kwa masikio yangu, lakini nilikuwa naliona watu wakinyamaza ninapoingia.

Asubuhi moja mratibu aliniita. Hakuwa na furaha, namshuhudia hilo. Aliniambia mradi hauwezi kuendelea hivi, visima vinasimama, na inabidi aombe Bukoba wamletee katibu mwingine. Kisha, kwa kuwa katibu nilikuwa ni mimi na barua zote za ofisi hupigwa na katibu, akaniambia niuandike ujumbe huo na kuutuma. Nikauandika. Nikapanga maneno vizuri, nikakagua tahajia, maana masista hawakunifundisha kazi ya hovyo hata kama ni ya kujifukuza mwenyewe. Nikautuma. Ukafika katikati, ukakatika. Nilicheka, wasomaji wangu, nikacheka mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka yakakataa kusimama. Mratibu akaniangalia, akatazama pembeni, akasema, "Basi. Karani atautuma mchana."

Fundi alifika kabla ya huo mchana. Hakuwa ameitwa kwa ajili yangu wala ya kompyuta. Ilikuwa zamu yake ya kuja kukaza waya za antena kama kawaida yake. Alinikuta nimeinama mezani, macho yamevimba. Nikasimama. "Shikamoo, baba." Akaitikia marahaba, akaniangalia, halafu akaitazama mashine, halafu tena mimi. Karani alikuwa keshaanza kumweleza. "Waitu, bwana fundi, hii mashine imeharibiwa na huyu binti. Akigusa tu, inakata." Fundi akainua mkono kama askari wa barabarani. "Mzee, kama imeharibika nitaona mwenyewe. Kwanza kahawa iko wapi?" Nikamletea kahawa kwenye kisahani. Akatafuna bila haraka yoyote, sote tumesimama, mradi wa visima umesimama, maisha yangu yamesimama. Alipomaliza akanigeukia, akaniuliza swali ambalo hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa ameniuliza tangu balaa lianze.

"Mwanangu, ikikatika, mkono wako unakuwa unafanya nini?"

Nikamwambia nakuwa natuma ujumbe. Akasema hapana, hakuuliza kazi, ameuliza mkono. Kaa, tuma, nione. Nikakaa. Nikaanza kutuma, na kama kawaida yangu nikashika kipanya nisogeze mshale nikaangalie umefikia wapi. Ukakatika. "Inuka," akasema. Akamwambia karani akae. Karani akakaa kwa heshima zote, akabonyeza vitufe vyake kimoja kimoja kwa kidole cha shahada, akatuma, mikono miwili akaiweka mapajani kama yuko kanisani. Ujumbe ukafika. "Na hiki mbona hukigusi?" fundi akamuuliza, akionyesha kipanya. Karani akacheka kidogo. "Hicho kidude mimi hapana. Kinakimbia kimbia, kinanichanganya. Mimi ni mtu wa vitufe." Fundi akaikunja leso yake vizuri kabla ya kusema, "Leo utakigusa."

Mzee wa watu alikataa. Mratibu akamwambia jaribu tu, mzee. Akatuma ujumbe, na ulipokuwa njiani akakishika kile kipanya kama mtu anayeshika kaa la moto, akakisukuma kidogo kushoto. Ukakatika. Karani akautazama mkono wake wa kulia, mbele na nyuma, nami nikaujua mtazamo ule, maana nilikuwa nimeutazama wangu hivyo hivyo kwa muda mrefu. Halafu mlinzi, aliyekuwa amejisogeza mlangoni, akasema, "Kumbe na mzee naye ana mkono mbaya!" Watu wakapasuka kwa kicheko, karani akiwa wa kwanza, na mimi nikakaa chini. Sikuwa nimepona kabisa bado, mashine ilikuwa bado mbovu, lakini ubovu ulikuwa umetoka mwilini mwangu na kurudi kwenye chuma ulikotoka.

Alipoifungua ile kompyuta alituita tusogee tuone, maana alipenda kuangaliwa. Akatuonyesha ubao mkuu ambao vitu vyote vimechomekwa. Akatueleza kwamba kila kifaa, kikitaka kusikilizwa na ubongo wa mashine, lazima kipige hodi, na kila kimoja kina mlango wake wa kupigia. Kibodi ina wake, kipanya kina wake, printa ina wake. Milango ni michache, kwa hiyo vinapangiwa. Kisha akatuonyesha kadi moja iliyoonekana mpya kuliko nyingine, iliyobeba tundu la kile kisanduku cha redio. "Hii aliiweka nani?" Mratibu akakumbuka kwamba radi ilipiga ikaunguza tundu la zamani, wakamleta fundi mmoja mpita njia, akaweka kadi hiyo, akalipwa, akaenda zake. "Basi huyo mwenzangu aliipa kadi mlango ule ule wa kipanya. Wageni wawili mlango mmoja. Kipanya kikitulia, redio inapiga hodi peke yake, inafunguliwa. Ukikisogeza tu, wote wanapiga hodi pamoja, na mashine haijui imfungulie nani. Inachanganyikiwa, inaganda." Akauliza kadi iliwekwa lini. Karani akajibu taratibu, kama mtu anayejisikia akisema, "Ni wiki ile ile binti alipoanza kazi."

Mimi nilikuwa nimeingia mlango wa mbele, kadi ikaingia mlango wa nyuma, na watu wakamwona mmoja tu kati yetu. Fundi akaichomoa kadi, akaipuliza vumbi, akang'oa kikofia kidogo cha plastiki ambacho mafundi hukiita jampa, akakihamishia pini za jirani, kwenye mlango uliokuwa hauna mtu. Akairudisha, akawasha, akaiambia programu ya redio kwamba kadi yake imehamia mlango mwingine. Kazi yenyewe haikuwa ndefu kuliko ile ya kutafuna kahawa. Kisha akasimama, akakung'uta leso, akaniambia, "Kaa. Tuma. Na kipanya ukizungushe kama unasonga ugali."

Nikauliza nitume nini. Karani akasema kuna ujumbe wa asubuhi uko tayari, haujaenda. Akalisema bila kufikiri, halafu akakumbuka ni ujumbe gani, akajishika mdomo. Mratibu akaja akasimama nyuma ya kiti changu. "Ule futa," akasema. "Andika mwingine. Andika hivi: tatizo limepatikana, lilikuwa la mashine. Katibu wetu ni yule yule." Niliandika. Nikatuma. Nikakishika kipanya, nikakizungusha, mshale ukawa unazunguka kiooni kama nzi ndani ya glasi. Ujumbe ukapita katikati, ukapita pale ulipokuwa ukifia siku zote, ukaendelea, ukafika. Baada ya muda Bukoba wakajibu kwa sauti kwenye redio kol kwamba wamesoma neno kwa neno, ila hawakuelewa kwa nini wanaambiwa katibu ni yule yule, kwani kuna aliyesema amebadilika? Sijawahi kufurahia swali kama nilivyolifurahia lile.

Nilimsindikiza fundi hadi kwenye pikipiki yake. Nilitaka kumshukuru, nikajikuta namuuliza alijuaje. Akaniambia kwamba vitani, ng'ambo ya mto, vituo viwili vya kwao viliwahi kupangiwa wimbi moja la redio. Kila kituo kikawa kinasikia kelele, kikadhani mwenzake ni adui anayewaingilia, wakaanza kutukanana hewani, na ilibaki kidogo wapigane risasi, wenyewe kwa wenyewe, wote watoto wa jeshi moja. Sajenti wake akaja, hakumuuliza mtu nani kaanza. Alikihamisha kituo kimoja kwenye wimbi jingine, kelele zikaisha. "Tangu siku hiyo sitafuti mbaya," akasema. "Natafuta waliopangwa pamoja." Halafu, kwa kuwa hakuweza kukaa na unyenyekevu kwa muda mrefu, akaongeza kwamba fundi mwingine angeifungua ile mashine wiki nzima asione kitu, na kwamba leso yake sasa imechafuka na nyumba hii haijamwambia hata pole.

Siku hizi kompyuta hazina tena ugomvi wa namna hiyo. Unachomeka vifaa, vyenyewe vinajipangia milango. Nilimkuta fundi miaka ya karibuni, nikamuuliza kama haumizwi na ujuzi wake kupitwa na wakati. Nilitegemea alalamike, maana kulalamika alikujua. Akanijibu, "Afadhali. Ile ilikuwa kazi ya kipuuzi kumwachia binadamu." Lakini nikitazama ofisi zetu, na familia zetu, naona sisi hatujabadilishwa bado. Nimemwona muuguzi akihamishwa kwa sababu wagonjwa wanagombana zamu yake, kumbe zamu yake ndiyo yenye foleni mbili dirisha moja. Nimewaona mashemeji wakifarakana, kumbe waligawiwa jiko moja. Na pakiwa na mgeni kati yao, mtu wa kuja, mwenye lafudhi, kosa halihitaji hata kutafutwa. Mtihani wetu pale Kayanga ulikuwa wa haki kabisa, mbele ya mashahidi, na ulikuwa unanipeleka nyumbani nikaliteremshe jembe la mama ukutani. Haukukosa haki. Ulikosa swali moja.

Ndama tulikwenda wengi. Mkewe alikuwa amemvalisha ile suti ya Kaunda, imepigwa pasi, na leso nyeupe mfukoni. Karani wetu wa zamani nilimkuta amekaa kwenye benchi nje ya nyumba, amezeeka, fimbo miguuni. Nikamsalimia, akanishika mkono wa kulia, akashindwa kuuachia. "Binti," akasema, "mama yako bado analima kwake?" Nikamwambia bado, na jembe la kibarua limeliwa na kutu hapo hapo ukutani, hakuna aliyeligusa tena. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Siku ile ningeutuma mimi ule ujumbe mchana," akasema. "Kwa vitufe. Na ungefika." Tukabaki tumeshikana mikono, tukifikiria jinsi ambavyo ungefika.

Walipotuita kaburini tukasogea kati ya migomba, tukapanga mstari. Zamu yangu ilipofika niliinama, nikachota udongo kwa mkono wangu wa kulia, nikamrushia. Hakuna aliyeuogopa mkono ule.